Chupa Arobaini na Moja za Unga Mweusi

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, na paa la stoo ya sampuli limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nilikuwa nimeinama natega ndoo Miwani alipoingia. Huyu ni binti, mwanafunzi wa uzamivu aliyeletwa maabarani kwetu mwezi wa kwanza. Tunamwita Miwani kwa sababu anavaa moja machoni, nyingine anaipachika kichwani, na bado kila siku anauliza nani kaona miwani yake.

"Dada, samahani. Zile sampuli za makala kubwa ya Profesa, mlizisagia kwenye nini?"

"Bakuli la akiki," nikasema, lile la jiwe gumu lisiloacha chembe zake ndani ya sampuli. "Kama kawaida."

"Zote?"

"Zote."

Akashukuru, akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika ndoo. Miaka minne nimekuwa nikilingoja swali hilo. Nimeanza daftari hili leo kwa sababu nisipolisema jambo hili mahali, litanipasua.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Hajauliza kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu, kaniuliza mbona sili. Nikasingizia kazi. Akasema, "Hivi ni kazi gani hasa, bibie? Miaka yote hii mimi najua unasaga mawe tu."

Nikamweleza, angalau midomo ifanye kazi. Nikamwambia kuna metali inaitwa molibdeni, sisi tunaiita moli, na atomi zake hazilingani uzito: zipo nyepesi, zipo nzito. Bahari ikiwa na oksijeni nyingi, zile nyepesi hunaswa na kutu ya manganizi kule chini sakafuni, nzito zinabaki ndani ya maji. Tope jeusi linalotua kwenye vilindi linanywa moli ya maji hayo, linageuka mwamba, na mwamba unatunza hesabu hiyo kwa zaidi ya miaka bilioni mbili. Sisi tunachimba mwamba kwa keekee, tunausaga, tunauyeyusha kwa asidi, tunapima. Moli ikiwa nzito, bahari ilikuwa na oksijeni. Ikiwa nyepesi, haikuwa nayo.

"Kwa hiyo mnapima pumzi ya bahari iliyokufa," akasema.

"Ndiyo."

"Na ilikuwa inapumua vizuri?"

Nikainuka kutoa sahani mezani.

Jumatatu, 10 Machi

Niandike sasa, nikiwa nimekaa stoo peke yangu, mlango nimeufunga.

Miaka minne iliyopita Profesa alikuwa safarini, na aliacha maagizo akirudi akute sampuli zote zimesagwa. Zilikuwa zimebaki arobaini na moja, za kina cha katikati. Nikaangusha bakuli la akiki. Likapasuka vipande viwili, tap, kama yai. Nilikuwa na mkataba wa muda tu, nimetoka kuosha vyombo vya maabara. Profesa ndiye aliyeniona nina mkono mwepesi, akanifundisha, akanipandisha kuwa fundi sanifu. Nikaogopa. Nikaenda idara ya ujenzi, nikaazima kinu chao cha chuma cha pua, nikasagia humo kwa siku tatu. Bakuli jipya lilipofika nikasema la zamani limepasuka baada ya kumaliza kazi.

Kumbe chuma cha pua kina moli ndani yake. Nyepesi. Hilo nilikuja kulijua mwaka uliofuata, nilipomsikia Profesa akiwafundisha wanafunzi. Wakati huo makala ilikuwa imeshatoka, na katikati ya mchoro wake kulikuwa na shimo: mstari unakwenda juu, ghafla unaporomoka, kisha unapanda tena. Profesa aliandika kwamba bahari ilipata oksijeni, ikaipoteza ghafla, ikaipata tena. Watu wakampigia makofi katika nchi ambazo mimi sitazikanyaga.

Shimo lile lina sampuli arobaini na moja. Ni zangu.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Ndoo imejaa mara tatu.

Jumatano, 19 Machi

Miwani amepima mwamba wa kisima kingine cha keekee kilicho jirani, tabaka zilezile, na shimo halipo. Mara ya pili sasa. Profesa alimwita mbele yetu sote akausukuma mchoro wake mezani kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa kitu kichafu.

"Hii ni nini?"

"Ni matokeo, Profesa."

"Haya si matokeo. Huu ni uzembe. Umechafua sampuli. Kaanze upya."

"Nimeanza upya mara mbili, Profesa."

"Basi anza ya tatu."

Wakati wote huo Profesa alikuwa akinitazama mimi, anatikisa kichwa kidogo, kama watu wawili waliozoea kazi wanavyomtazama mgeni. Na mimi nikatikisa kichwa pia. Mungu anisamehe, nilitikisa.

Nilikuwa simpendi yule binti. Nilimwona mjuaji. Nadhani nilikuwa natafuta sababu.

Jumatano, 26 Machi

Miwani kaniita kwenye kompyuta yake leo. Amefungua majedwali ya zamani ya Profesa, yale ya namba ghafi ambayo hakuna anayeyasoma.

"Tazama, dada. Hapa moli ni nyepesi, kromi imepanda. Hapa nyepesi, kromi imepanda. Hapa tena. Nikeli nayo hivyohivyo. Kila mahali ndani ya shimo. Nje ya shimo, hakuna."

"Maana yake nini?" nikauliza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Moli, kromi na nikeli zikipanda pamoja, mimi nafikiria chuma cha pua. Lakini wewe ulisema akiki." Akavua miwani, akaifuta kwa kanga ya mabegani. Hakunitazama kwa shari. Alikuwa anawaza tu. "Zile poda za zamani zipo? Nikizisafisha nikazipima tena, nitajua."

Zipo. Chupa arobaini na moja, kwenye boksi, rafu ya juu. Nikamwambia stoo inavuja, asubiri nipange vitu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimelibeba boksi ndani ya mfuko wa nguo chafu. Mlinzi wa getini akasema, "Leo umefua ofisini, mama?" Nikacheka. Nilicheka sana kuliko utani wenyewe, hata akanishangaa. Nyumbani nimelisukuma nyuma ya kabati la nguo.

Jumatano, 2 Aprili

Nimemwambia Miwani maji yaliingia kwenye boksi, poda zimeharibika, nimezitupa. Alitazama rafu ya juu, akatazama ndoo. Ndoo iko kona ya pili kabisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Kila nikisikia viatu kwenye korido nadhani wamejua, wanakuja kunihoji. Leo alikuwa mtu wa kubadilisha taa.

Jumamosi, 5 Aprili

Mume wangu alikuwa anamsaka panya, akavuta kabati. Nilikuwa jikoni nikasikia kimya, kile kimya cha mtu aliyeshtuka. Nikaenda. Amekaa sakafuni, boksi liko miguuni, chupa moja mkononi.

"Unga," akasema taratibu. "Mke wangu. Nyumba yangu ina unga."

"Si unga huo unaoufikiria."

"Mweusi! Sijawahi hata kusikia kuna mweusi!"

Nilicheka, kisha kicheko kikageuka, nikakaa sakafuni nikalia mpaka kwikwi. Nikamweleza yote. Bakuli, kinu, shimo, Miwani. Alisikiliza huku anaifungua na kuifunga chupa ile.

"Kwa hiyo hii ni mawe tu."

"Ni mawe yenye chuma changu ndani."

Akafikiri sana. Kisha akasema, "Mimi mteja akinirudishia jokofu halipozi, najua kama kosa ni langu kabla hajamaliza sentensi. Mara nyingine nasema gesi ilikuwa mbovu. Basi, jokofu moja. Lakini sijawahi kumwacha mwenzangu afukuzwe kwa jokofu nililoharibu mimi."

"Hajafukuzwa."

"Bado," akasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Boksi bado liko nyuma ya kabati.

Jumatatu, 14 Aprili

Barua imetoka. Miwani ataitwa mbele ya kamati tarehe 28, kujibu tuhuma za uzembe na, neno hili nimelisoma mara nne, "kupotosha matokeo". Akishindwa, anaondolewa kwenye masomo. Profesa ameweka sahihi.

Nilimkuta chumba cha kuoshea anasugua chupa za tefloni, ile plastiki isiyoliwa na asidi. Vidole vimepasuka kwa asidi ya kusafishia, licha ya glavu. Hakuwa analia, alishapita hapo.

"Dada," akasema, "hapa hakuna mtu mwingine ninayeweza kumwomba. Wewe una mkono mzuri kuliko wote, hata Profesa anasema. Kesho nitafanya sampuli moja mwanzo mpaka mwisho. Kaa unitazame. Ukiona ninapokosea niambie, niache kujidanganya."

Ningeweza kukataa. Ningesema nina kazi.

Jumanne, 15 Aprili

Nilikaa kwenye kiti kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, nikamtazama. Alibadilisha glavu mara kumi na tisa. Alipima chupa tupu ili ajue uchafu wa maji yake mwenyewe. Akashusha asidi tone kwa tone, anahesabu kwa sauti ya chini kama mtu anayesali. Kuna mahali mimi huwa naruka hatua, kwa mazoea. Yeye hakuruka.

"Nimekosea wapi?" akauliza mwishoni.

"Hujakosea."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mdogo wangu."

Ni mara ya kwanza kumwita hivyo. Uso wake ukalegea, akasema, "Basi sielewi. Pengine sina akili ya kazi hii." Akaanza kukusanya vitu vyake.

Nimerudi nyumbani kwa miguu kwenye mvua. Sikufungua mwavuli, na ulikuwa mkononi.

Jumanne, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Profesa. Nilijipangia maneno, yakapotea mlangoni. Nikasema tu, "Profesa, zile arobaini na moja nilizisagia kwenye chuma. Bakuli lilipasuka mapema. Nilidanganya."

Hakufoka. Hilo ndilo lililoniogopesha. Aliinuka, akafunga mlango, akageuza ufunguo, akautia mfukoni, akarudi kukaa. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Akavua saa mkononi, akaiweka mezani, akaivaa tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Huyo hahesabiki. Na yule binti?"

"Anahisi. Ameona kromi."

"Kromi," akasema, akacheka kidogo puani. "Kromi niliiona mimi tangu mwaka ule, binti yangu. Niliiona kabla ya makala kutoka. Nikajiambia ni majivu ya volkano. Nikajiambia hivyo asubuhi moja, na sikurudi tena kuyatazama majedwali yale."

Nilimtazama mtu huyu aliyenitoa kwenye sinki. Miaka yote nimekuwa nikiamini nilimdanganya mtu asiyejua. Kama naye alijua, basi hakukuwa na mtu yeyote aliyekuwa analinda ukweli. Tulikuwa tumekaa wawili gizani, kila mmoja anadhani mwenzake ana taa.

"Poda umezitupa kweli?"

"Ziko nyumbani."

"Zitupe." Akasema kwa upole, kama anavyonifundisha. "Yule binti ni mdogo, atapata chuo kingine. Mimi nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Wewe una mkataba wa kudumu kwa sababu yangu. Tukinyamaza, hakuna atakayekufa. Umenielewa?"

Nikasema ndiyo. Nilisema ndiyo kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Jumatano, 23 Aprili

Sikwenda kazini. Nimesema naumwa, na si uongo.

Alhamisi, 24 Aprili

Profesa amepiga simu mara tatu. Sikupokea. Akatuma ujumbe: "Ile takataka umeshaitoa?" Mume wangu kausoma, akanirudishia simu, akaenda kulitoa boksi nyuma ya kabati na kuliweka juu ya meza ya chakula. Kisha akaenda kazini kwake.

Nimekaa nalo mpaka mchana. Choo kiko hatua sita kutoka mezani. Ni unga, ungekwenda na maji mara moja. Nilifungua chupa ya kwanza. Kwenye lebo kuna mwandiko wangu wa zamani, herufi kubwa zilizonyooka za mtu aliyefurahi kupata kazi. Nikaifunga.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimempelekea Miwani.

Alikuwa peke yake chumba cha mizani. Nikaweka boksi mezani nikamwambia kila kitu, pamoja na Profesa, pamoja na ufunguo. Nilidhani atanikumbatia au atalia. Alisimama wima, midomo imekuwa myeupe.

"Miezi mitatu," akasema. "Miezi mitatu nimekuwa nikijiona mwendawazimu. Nimempigia mama yangu simu kumwambia mtoto wake hana akili. Na wewe ulikaa kwenye kiti kile. Siku nzima! Ukaniita mdogo wako!"

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi je?"

Alitoka nje akasimama kwenye korido, kisogo kwangu, muda mrefu. Nikajua akienda zake moja kwa moja ni haki yake. Akarudi, macho mekundu, miwani zote mbili kichwani.

"Mwamba wenyewe umebaki? Ambao haujasagwa?"

"Upo. Nusu ya kila kipande. Hatujawahi kuugusa."

"Nionyeshe," akasema. Safari hii hakuniita dada.

Jumatatu, 28 Aprili

Kamati. Mkuu wa idara, mama mmoja mkavu wa maneno, aliuliza kama kuna shahidi. Nikainuka. Profesa aliyekaa mbele yangu hakugeuka, lakini niliona masikio yake yanabadilika rangi. Nilisema kwa dakika kumi hivi. Katikati sauti ilikata, mkuu akanisogezea glasi ya maji, meno yangu yakagonga kioo na chumba kizima kikasikia.

Profesa alipoulizwa akasema, "Huyu fundi ana matatizo ya nyumbani." Basi. Hilo tu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake ya aina yoyote, si kwa jibu hilo.

Uamuzi: mwamba uliobaki usagwe upya kwa akiki, mimi nisiuguse, Miwani asiuguse, wapime watu wawili wa idara nyingine. Mpaka hapo hakuna aliyefukuzwa wala aliyepona.

Jumapili, 4 Mei

Vipi kama shimo ni la kweli? Wazo hili limenijia leo nikifua, sabuni ikaniponyoka. Vipi kama bahari ilipoteza oksijeni kweli, na chuma changu kiliongeza kidogo tu? Miwani ataondoka, mimi nitakuwa nimemwaga sumu kwenye jina la mtu bure. Nimeuomba mwamba. Sijui kama mtu anaruhusiwa kuomba hivyo, kuomba jambo la miaka bilioni mbili liwe limetokea vile anavyotaka yeye.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kidogo. Bado.

Ijumaa, 9 Mei

Walituita saa nne asubuhi. Mchoro ukafunguliwa ukutani. Nukta nyekundu za zamani ziliporomoka kama ninavyozijua. Nukta za bluu, mpya, arobaini na moja, zilipita juu ya shimo bila kutikisika, zikaungana na za upande wa pili.

Bahari haikukata pumzi. Siku zile zote ilikuwa inapumua tu.

Miwani alijifunika uso kwa mikono. Mkuu wa idara akasema, "Vizuri," akaandika kitu. Profesa alisogea karibu na ukuta, karibu mno, mpaka mwanga wa mchoro ukamwangukia shatini. Akanyoosha kidole akafuata nukta za bluu moja baada ya nyingine. Nilimwogopa mtu huyu miezi miwili. Leo nimeona mgongo wake, nikaona ni mgongo wa mzee.

Jumatano, 14 Mei

Profesa kaniita ofisini. Safari hii mlango aliuacha wazi. Ameandika barua ya kuifuta makala, ukurasa mmoja. Kanisomea. Ilisema "hitilafu ya usagaji", na ilisema dalili za kromi "zilionekana na mwandishi mkuu, naye akazipuuza". Mstari huo aliusoma mara mbili, akaendelea.

"Nimeandika fundi wa maabara," akasema. "Sikukutaja. Kwenye makala yenyewe hukutajwa, si lazima utajwe hapa. Watu wataisoma kila mahali. Ukitafuta kazi kesho, wataikuta."

Niliogopa, na nilijua nikitoka bila kusema, nitaendelea kuogopa kila korido.

"Nitaje," nikasema.

"Una hakika?"

"Sina. Wewe nitaje tu, kabla sijabadili mawazo."

Akaandika jina langu, herufi kwa herufi, akauliza kama amelipatia. Alikuwa amekosea herufi moja. Miaka yote hii. Nikamrekebisha.

Jumatatu, 19 Mei

Adhabu imetoka. Mimi nimesimamishwa mwaka mmoja, kisha watatazama. Profesa anastaafu mwishoni mwa muhula. Miwani anaendelea, na mwamba wote ni wake.

Nilimkabidhi funguo za stoo. Nikamwonyesha ule ufunguo mgumu unaotaka kuinuliwa kidogo kabla ya kuzungushwa. Alijaribu, ukakwama. Akajaribu tena.

"Bado nina hasira na wewe," akasema, macho kwenye kitasa.

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu."

"Sawa."

Mlango ukafunguka. Akaingia, akazitazama rafu, akatazama dari lililolowa, kisha akanigeukia.

"Nikikwama kwenye kusaga," akasema, "nikupigie?"

"Nipigie," nikasema. "Nipigie hata nikiwa nimelala."

Nilishuka ngazi. Nje mvua ilikuwa inanyesha, nikafungua mwavuli.